Do ya Juu

Bach alipasuliwa macho na daktari mmoja Mwingereza, akafa miezi michache baadaye. Handel naye akaingia mikononi mwa daktari huyo huyo, akabaki kipofu vilevile. Haydn alipokuwa London, daktari mwingine alitaka kumng'oa nyama za pua kwa nguvu, akaita wanaume wa miraba minne waje wamkamate. Haydn akapiga makelele na kurusha mateke mpaka wakamwachia. Mambo haya nimewasomesha watoto wa watu miaka nenda miaka rudi, chaki mkononi, nikiyasimulia kwa madaha ili wasisinzie. Tukifika kwa Haydn na mateke yake darasa zima linaangua kicheko, nami nacheka nao. Sikujua kwamba iko siku nitajilaza kitandani kwangu Mbaraki, mchana kweupe, nikiyakumbuka yote matatu huku jasho linanitoka, na nisione la kuchekesha hata moja.

Jina langu Mirriam. Asili yetu ni Rabai, ila mimi nimekulia hapa hapa kisiwani. Nafundisha muziki katika shule moja karibu na Mji wa Kale, na Jumapili naongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu. Watu watakwambia mimi ni mkali. Ni kweli, sikatai. Mtu akiimba chini ya noti mbele yangu siwezi kunyamaza, awe nani. Mume wangu Gunga anaimba besi, na yeye ndiye huniumiza kichwa kuliko wote. Akifika ubeti wa pili keshazama, na besi wote nyuma yake. "Mmeshuka!" napiga kelele. "Gunga, umeshuka na umewabeba wenzio!" Yeye hucheka tu. Nyumbani namgombeza vilevile, keshazoea.

Sisi watu wa kwaya za makanisani wengi wetu hatukusoma muziki kwenye ile mistari mitano. Tumesoma kwa do, re, mi. Karatasi zetu zimejaa herufi, na juu kabisa imeandikwa kii, yaani sauti ambayo do itakaa. Do yetu haikupigiliwa msumari mahali. Leo iko hapa, kesho iko pale, na noti nyingine zote zinaifuata huko iliko. Kinanda hatuna. Kiongozi anagonga kichuma chake, anaimba do, mi, so, kila mtu anashika sauti yake, tunaanza. Kichuma chenyewe kina meno mawili kama uma. Ukikigonga gotini kinalia noti moja tu, C, hakipandi wala hakishuki. Changu ninacho tangu chuoni, hukaa mkobani pamoja na dawa za kichwa.

Na liko jambo moja tunalofanya ambalo Mozart angelisikia angetutimua. Mazoezini nawagombeza wakishuka. Lakini siku ya kuimba mbele za watu sheria inabadilika: mmoja akishuka, tunashuka naye sote, polepole, bila kutazamana. Tukishuka pamoja, do imehama nasi. Mi bado ni mi, so bado ni so, na waliokaa kwenye mabenchi hawana habari. Nimewafundisha hivyo mwenyewe mpaka limetuingia kwenye damu, hatufikirii tena, tunafanya tu.

Basi, uvimbe. Ulianza kama punje ya kunde chini ya koo. Nikaufunika kwa mtandio. Ukawa kama limau. Watoto darasani wakaanza kunitazama shingo badala ya ubao. Mwishowe nikawa nikilala chali pumzi inakatika, na Gunga, anayepakua mizigo pale gatini Mbaraki, akasema nisipokwenda hospitali kwa miguu yangu atanibeba begani kama gunia la saruji. Namjua, angenibeba.

Nikampata Daktari Muhdhar. Mtu wa Mji wa Kale huyo, mpole, ndevu nyeupe zimetengenezwa vizuri, hana haraka.

"Sabalkheri, mwalimu."

"Sabalkheri, daktari."

Akanipapasa shingo, akanituma kwenye vipimo, nikarudi na majibu. Akayasoma, akavua miwani.

"Alhamdulillahi, si saratani. Lakini uvimbe wakua, na wabana njia ya pumzi. Lazima tuutoe."

"Na sauti yangu?"

Akaikunja ile miwani, akaiweka mezani. Jamani, ile miwani niliiogopa kuliko kisu.

"Nyuma ya hiyo tezi iliyovimba," akasema, "pamepita mishipa ya fahamu, myembamba kama uzi wa kushonea. Mmoja ndio waendesha sauti. Na kuna mwingine, mdogo zaidi, umepita juu kidogo. Huo ni wa sauti za juu. Ukikatika, mtu aongea vizuri tu, hata watu hawajui. Lakini akitaka kupandisha sauti, haipandi."

"Daktari, mimi nafundisha kuimba. Sina kazi nyingine ninayoijua."

"Najua. Ndio maana sitaki kukulaza usingizi. Nitakutia ganzi ya shingo, utakuwa macho. Nikikaribia ile mishipa, nitakwambia uniimbie. Nikisikia sauti yafika juu, najua niko mbali nayo. Ikikwama, nasimama."

"Niimbe huku nakatwa?"

"Ndiyo."

"Wewe daktari una wazimu?"

Yalinitoka tu. Akacheka mpaka akajipangusa macho. "Mke wangu huniuliza hivyo hivyo," akasema.

Jioni ile Gunga akanipeleka Mama Ngina, kule ufukweni, tupunge upepo. Akaninunulia mihogo ya kukaanga, akaikamulia ndimu na kutia pilipili nyingi kama ninavyopenda. Sikuweza kula. Watu wamejaa, watoto wanakimbia, na mimi nimeshika kile kikaratasi cha mihogo kinapoa mkononi.

"Haydn aliwakimbia," nikamwambia. "Aliwapiga mateke wakamwacha."

Gunga anamjua Haydn kwa sababu yangu, kama anavyojua majina ya shangazi zangu. "Na hizo nyama za pua zilipona?"

"Alikufa nazo."

"Basi," akasema. "Mimi sitaki ufe nao."

Nilikuwa naogopa, na nataka nilieleze hili sawasawa. Kufa sikukuogopa sana, kufa ni kwa kila mtu. Niliogopa kubaki. Beethoven masikio yalimziba akaendelea kutunga, kwa kuwa muziki wake ulikuwa kichwani na kwenye karatasi. Wangu mimi uko kooni tu. Sijatunga hata mstari mmoja. Watoto nawafundisha kwa kuwaimbia, nao wananiiga. Mwalimu wa kuimba asiyeweza kuimba atafanya nini, awachoree? Nikajiona nimesimama mbele ya ubao nafungua mdomo na hakuna kinachotoka, na watoto wananitazama kwa huruma. Afadhali wanicheke.

Kesho yake Kenneth akaja kunijulia hali. Kenneth ndiye kiongozi wa kwaya, mtu wa Ukambani, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Tulikuwa tunaandaa kipande cha Handel kwa ibada ya mavuno, na ndani yake sauti ya kwanza inapanda mpaka mi ya juu sana. Mahali pale wenzangu wote wananitegemea mimi niifikie, wao wanafuata.

"Hatuimbi bila wewe," Kenneth akasema. "Tutakungoja."

"Na nikirudi siwezi?"

Akatazama viatu vyake. "Utaweza, dada."

Ah! Watu wanaosema utaweza wakitazama viatu! Nilitamani kumtoa kwa ufagio.

Asubuhi ya kupasuliwa nilipokewa na nesi mmoja, Mwanaesha, mama mtu mzima, mikono ya joto. Kazi yake ilikuwa kukaa kichwani pangu tu na kunituliza. Nilikuwa natetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Usiche, mwalimu," akaniambia. Ndivyo wanavyosema kwao Mji wa Kale, wakikataza mtu asiogope. "Usiche, mimi niko nawe."

Nikamwomba kichuma changu kiingie. Akakataa, kitu cha mtu hakiingii mle ndani. Nikaanza kulia. Basi akakifuta kwa spiriti mara mbili, akakitia mfukoni mwake, akasema daktari akiuliza, yeye hajui kitu.

Wakanilaza chali, mto chini ya mabega, shingo imenyooka kama kuku wa kuchinjwa. Sikupenda mfano huo uliponijia, lakini ulinijia. Daktari akauliza niko tayari kupima sauti kabla hajaanza. Mwanaesha akagonga kichuma kwenye kiganja, akakileta sikioni. Nikaweka do yangu oktavu moja chini yake, nikapanda ngazi: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kwa kulala vile sauti ilikuwa nyembamba, lakini do ya juu ikakaa pale pale palipo na kichuma.

"Hiyo do ya mwisho," daktari akasema, "ndiyo nitakayoingoja. Sawa?"

"Sawa."

Wakavuta pazia la kitambaa, nikawa namwona Mwanaesha tu na taa. Zile sindano za ganzi ziliuma, kisha shingo ikawa si yangu. Sikusikia maumivu. Nilisikia kuvutwa. Nilisikia mkasi, kri, kri, na harufu kama ya nywele zinazoungua, na nikajua nywele siyo. Nikafumba macho. Nikaanza kutaja watunzi kwa mpangilio kama ninavyowatajisha watoto, Bach, Handel, Haydn, Mozart, na nilipofika Beethoven sikukumbuka anayefuata. Mimi! Schubert alinipotea kabisa.

"Mwalimu," sauti ya Daktari Muhdhar ikatoka upande wa pili wa pazia, "niimbie."

Nikaimba, do mpaka do. Mwanaesha akatabasamu. Kichuma kilikuwa mfukoni mwake, hakukigonga, nami sikumwomba. Miaka yote hii do naibeba kichwani, sihitaji kuoneshwa.

Wakaendelea. Kuvutwa kukazidi, sasa upande wa juu wa shingo, karibu na taya. "Niimbie, mwalimu." Nikaimba tena. Nilipofika ti sauti ikakwaruza, kisha do ikaja.

"Maashallah. Sasa tutulie. Niko mahali penyewe."

Mahali penyewe. Moyo ukanienda mbio mpaka ile mashine ya kupima moyo iliyoko kando ikaanza kupiga haraka haraka, na mtu mmoja akasema kitu kwa sauti ya chini. Nilisikia kitu kimebana. Si maumivu, kubanwa tu, kama kidole cha mtoto kimeshika uzi na kuuvuta.

"Niimbie."

Nikachukua pumzi. Do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Ikafika bila kukwaruza. Bila taabu yoyote.

"Swadakta!" daktari akasema. "Iko salama. Nipe uzi nifunge hapa, halafu nikate."

Mwanaesha akanipangusa jasho, akacheka nami kwa macho. Nami nilitaka kucheka. Nilitaka sana. Lakini nimekaa na kwaya maisha yangu yote, na kuna kitu kimoja nakijua kuliko ninavyojua jina langu. Noti ya juu iliyokwaruza punde tu haiji rahisi dakika mbili baadaye. Besi wakifurahi kwamba wimbo umekuwa mwepesi, wameshuka. Ikiwa rahisi hivi, imehama.

Nilianzia wapi ile do ya chini? Nikajaribu kukumbuka na sikuweza. Sauti ilikuwa inanishinda, nami, bila hata kujijua, nilikuwa nimeifuata chini. Nimeshuka nayo pamoja, polepole, kama tunavyofanya mbele za watu. Na daktari amekaa upande wa pili wa pazia kama wale wa kwenye mabenchi. Anasikia ngazi imefika juu, hana habari kwamba nyumba nzima imeshuka.

Huenda siyo. Huenda ni woga wangu tu. Na hapo ndipo nilipojiona mwoga kweli, kwa sababu sikutaka kichuma kigongwe. Kikigongwa nitajua. Kama mshipa umeshakatika, nitajua hapa hapa, macho, nimefungwa mikono, na nitaendelea kulala hapa nikijua mpaka wamalize. Nikinyamaza, ninayo bado dakika chache za kuamini ile do. Daktari mwenyewe kasema iko salama. Mimi ni nani nimsimamishe daktari mwenye kisu?

Nikasikia uzi ukipita.

"Simama!" nikasema. Ilitoka ndogo, ya kukoroma. "Daktari, simama! Usikate!"

Kila kitu kikanyamaza isipokuwa mashine.

"Waumwa?"

"Do yangu imeshuka. Mwanaesha, gonga. Kigonge, tafadhali."

Mwanaesha akatazama kule kwa daktari. Kisha akatoa kichuma, akakigonga, akanisogezea sikioni. Kikalia C yake kama siku zote. Nikaimba ile do ya juu niliyokuwa nikijivunia, na ilikuwa chini, chini kabisa, toni nzima na zaidi. Hata Mwanaesha asiyejua muziki alikunja uso. Sauti mbili zilikuwa zinagombana.

"Sikuelewa," daktari akasema. "Si umefika juu?"

"Nimefika juu kwa sababu nilianzia chini! Do inahama, daktari. Sisi do yetu inahama! Unisikilize na hiki kichuma, usinisikilize mimi."

Sasa nililia, waziwazi, kamasi na yote, na siwezi kujipangusa. Upande wa pili daktari akamwomba mtu taa isogezwe. Muda ukapita, sijui mwingi au mchache. Kisha nikasikia kile kidole cha mtoto kimeachia uzi.

"Bismillahi," akasema polepole. "Upo hapa, ule mshipa wa sauti za juu. Mwembamba, nilikuwa nimeushika pamoja na mshipa wa damu. Ningeufunga na kuukata." Nikasikia mkasi ukiwekwa chini. "Imba, mwalimu. Mwanaesha, gonga."

Nikaimba na kichuma. Nikakwama kwenye la. Akangoja. Nikaimba tena, nikafika ti, na baada yake ikawa hewa tu.

"Haukukatika," akasema, "lakini umebanwa. Huenda ukarudi wote. Huenda ukarudi nusu. Hilo ni la Mungu. Sasa nyamaza, na ukitoka hapa usiimbe wala usinong'one mpaka mimi nikwambie."

Basi nikanyamaza, mimi Mirriam. Gunga alisema nyumba imekuwa kama ya wageni. Kwenye muziki kimya kina alama yake, na nimewafundisha watoto kwamba kimya nacho kinahesabiwa, wimbo unaendelea. Rahisi kusema. Wiki zikapita, kovu likakauka, nikaruhusiwa kuongea, na sauti ya kuongea ikawa nzima. Watu wakashangilia. Ya kuimba sikuigusa. Daktari Muhdhar aliponiambia, "Sasa waweza kujaribu," nilitoka pale nikakaa juma zima sijajaribu. Bafuni nilifungua mdomo nikaufunga. Kichuma kilikuwa mkobani, nami nikawa napitisha mkono mbali nacho nikitafuta funguo, kama kwamba kitaniuma.

Jumamosi nikaenda mazoezini. Nilimwambia Gunga nakwenda kukaa tu. Nilipoingia wakanisimamisha mahali pangu, mbele, katikati, na hakuna aliyeniuliza kitu. Kenneth akagonga kichuma chake, akakipeleka sikioni, akaguna do, mi, so. Nilikuwa nimeshikwa na woga mpaka masikio yanavuma, sikusikiliza kii wala nini. Tukaanza Handel.

Nikaimba. Sauti ilikuwa imeota kutu, lakini ilikuwapo. Tukakaribia pale mahali, nikataka kuacha, na wenzangu wote wa sauti ya kwanza wamenigeukia kwa pembe ya jicho. Mi ya juu ikaja. Ikatoka nzima, na alto wakashindwa kuvumilia, wakapiga vigelegele katikati ya wimbo. Kenneth akashusha mikono. Gunga, nyuma kule, alikuwa anafuta uso kwa kola ya shati. Watu wananikumbatia, wananiambia Mungu ni mwema.

Ilikuwa imekuja rahisi.

Vilevile kama pale kitandani. Nikatia mkono mkobani, nikakitoa kichuma, nikakigonga gotini. Kwa kii ya F, kile kichuma ni so. Nikaimba so tuliyokuwa tunaiimba. Ilikuwa chini yake kwa toni nzima.

Vigelegele vikakatika. Wote wakatazama chini kama watoto waliovunja mtungi.

"Kenneth. Hii ni kii gani?"

"F, dada."

"Kenneth!"

"E flati."

"Nani amekuruhusu kushusha Handel?"

Kutoka nyuma, Gunga akainua mkono kama mtoto wa darasani. "Mimi nilimwomba," akasema. "Mara hii nimeshuka kwa makusudi. Tuliogopa, Mirriam. Tuliogopa ufike pale ikatae, mbele yetu sote."

Nilitaka kuwaka. Nilikuwa na haki ya kuwaka. Lakini nilipowatazama nikaona wote, Kenneth na alto na besi, wana uso ule ule niliokuwa nao mimi chini ya ile taa. Walikuwa wameshuka pamoja nami, bila kutazamana, kama nilivyowafundisha. Na lau ningenyamaza ningeimba hivyo mpaka nizeeke, kila mtu akinipigia vigelegele, na nisijue kamwe kama sauti yangu ipo au haipo.

"Toa F," nikasema.

"Si lazima leo, dada."

"Kenneth, nimesema toa F."

Akagonga. Akatoa F, safari hii kwa sauti iliyosikika. Tukaanza upya, na kila ukurasa niliogopa zaidi. Wimbo ulionekana mrefu ambao sijawahi kuuimba. Pale mahali pakafika. Nikapanda. Nikasikia kukwaruza, nikasikia kile kidole cha mtoto kwenye uzi, nikajua imegoma, na nikasukuma hivyo hivyo. Ikatoka. Haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba na ina mkwaruzo, mwanafunzi wangu angeimba vile ningemrudisha. Lakini ilikuwa juu, ilipotakiwa kuwa, na niliishika mpaka Kenneth alipoikata.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Tulipomaliza walisimama tu, wananitazama, wananingoja mimi niseme. Nikagonga kichuma gotini. Kikalia. Nikawaambia waniimbie so, kila sauti peke yake, nami nikasikiliza. Sauti ya kwanza, sawa. Alto, sawa. Sauti ya tatu, sawa. Besi wakaimba, na walikuwa chini, si sana, unywele tu.

Machozi yalikuwa yananidondoka kwenye karatasi ya Handel, na sikuyafuta.

"Gunga," nikasema. "Umeshuka."

Akaanza kucheka, halafu akalia, mbele ya besi wenzake wote.